Jua Lililofungiwa Bamba

Msiniambie nimsamehe Ante kwa kuwa ni mzee. Mimi pia ni mzee, magoti yananilia kama bawaba zisizotiwa mafuta, na sijamfungia mtu jua. Uzee si sabuni.

Hii ni habari ya Vinka, mke wake, somo yangu. Yeye mwenyewe hatawaambieni, maana ni mtu wa kumeza maneno. Mimi nilizaliwa bila koo la kumezea.

Hapa Coober Pedy, mji wetu wa jangwani, tunaishi ndani ya mlima. Nje, kiangazi kinachoma mpaka inzi wanatafuta kivuli, kwa hiyo mwanamume akija kuchimba opali, yale mawe ya thamani yenye rangi, anachimba na nyumba papo hapo: mlango usoni mwa mlima, dirisha moja kando ya mlango, na nyuma yake vyumba, jiwe juu, jiwe chini, jiwe ubavuni. Ndani kuna ubaridi mtamu. Sizisemi vibaya nyumba zetu. Nimelala ndani ya jiwe tangu marehemu mume wangu Manolis alipokuwa na nywele. Lakini jiwe halina jua. Jua lazima ulitafutie njia: utoboe tundu kutoka mgongoni mwa mlima mpaka darini kwako, ulipake chokaa, ulifunike kioo. Manolis alinitobolea la kwangu kabla hajaninunulia hata kitanda. Alikuwa mlevi, alikuwa mwongo, na habari zake za karata sitaki kuzigusa, lakini mchana nilichagua dengu zangu kwa mwanga wa Mungu.

Sasa sikilizeni ujanja wa wanaume wa hapa. Ndani ya mji hairuhusiwi kuchimba opali. Lakini hakuna anayemkataza mume kumchimbia mkewe stoo. Basi hakuna wanawake duniani waliopendwa kwa stoo kama sisi.

Ante alikuwa bingwa wao. "Vinka, nakuchimbia chumba cha kushonea." Anachimba, anamulika ukuta, haoni rangi ya opali, basi, chumba kimekwisha. "Vinka, nakuchimbia chumba cha kusalia." Anachimba, haoni rangi, na Mungu naye kapata chumba ambacho hakuomba. Kila chumba kilikwenda ndani zaidi, kwa sababu Ante aliota mkanda wa opali unapita kule nyuma, na jiko la Vinka likasukumwa nyuma pamoja na ndoto zake. Chumba cha mbele, kile pekee chenye dirisha, alikijaza mashine na mapipa, kioo akakipaka rangi nyeusi ili watu wasijue ana mashine gani. Nyumba ina vyumba kuliko hoteli, na mwanamke anapika mchana kwa taa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Vinka alipoletwa alikuwa mwari. Alitoka kwao kisiwa cha Pag, kule Kroatia, kisiwa cha mawe, chumvi na kondoo, wanawake wanakaa vizingitini mwa nyumba zao wakifuma lesi kwa sindano. Alikuja na sanduku moja la nguo na mto mgumu wa kufumia. Mimi nilikuwa jirani wa kwanza kumwona. Yeye hajui Kigiriki, mimi sijui lugha yake, Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kununulia mkate tu. Tulielewana siku hiyo hiyo. Baadaye akamzaa Joso, na padri aliyepita mjini mwezi ule alikuwa wa kwetu, si wa kwao, akabatiza hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyemshika mtoto. Ndiyo usomo wetu.

Juu ya chumba chao cha tatu palikuwa na shimo la zamani la mtafuta opali, limeshuka mpaka darini. Kwenye saa sita jua liliteremka humo kama ndoo inavyoteremka kisimani. Vinka aliweka kiti chake pale. Mnaijua lesi ya Pag? Uzi kama unywele wa kichanga. Haina kitambaa nyuma yake, ni hewa iliyofungwa vifundo. Nilikuwa naenda kumtazama tu, na mimi si mtu wa kwenda kutazama vitu. Alianza moja kubwa, ya duara, upana wa sinia. Akafika nusu.

Ndipo Ante akapata rangi.

Alikuwa akichimba stoo, stoo ya upendo kama ada, akagonga mshipa mwembamba wa opali ukutani. Wa kijani na mwekundu, nisiseme uongo, ulikuwa mzuri. Na mtu akipata rangi hapa kitu cha kwanza hafurahi, anaogopa. Kuna wezi wa mashimoni, tunawaita panya, wanateremka kwa kamba kwenye shimo lako wewe umelala wanakuchimbia mali yako. Basi Ante akapanda mlimani na bamba la chuma la gari bovu, akaliweka juu ya lile shimo, akalichomelea kwenye nondo, akamwaga kifusi juu yake.

Vinka alikuwa amekaa chini akifuma. Aliniambia mwenyewe: sindano ilikuwa imeingia, haijatoka, na mwanga ukaondoka.

"Ante, nitafumia wapi sasa?"

"Umeme upo."

Alijaribu umeme. Uzi mweupe chini ya taa ni maziwa ndani ya maziwa, tundu huoni, kifundo huoni. Alijaribu mlangoni. Vumbi letu ni jekundu. Lesi ikikaa mlangoni asubuhi, jioni ni tambara la kufutia viatu. Akaufunga mto ndani ya shuka, lesi nusu bado imebandikwa juu yake, akautia sandukuni.

Ule mshipa wa Ante uliishia papo hapo. Kiganja kimoja, basi, jiwe tupu. Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angepanda angeondoa bamba lake. Mwaka ukapita. Joso akaota meno. Joso akaota ndevu. Joso akahamia Adelaide, akawa na watoto wake. Bamba liko pale pale.

Kwa muda mrefu nilidhani ni uvivu. Mpaka siku moja ya sherehe nilipopeleka tambi za kuoka kule klabu ya Wakroatia, nikasikia kijana mmoja akimuuliza, "Mzee Ante, lile bamba utalifungua lini?" Ante akapangusa masharubu, polepole, kama askofu. Akasema, "Siku yake ipo." Na meza nzima ikanyamaza kwa heshima! Mwingine akamletea bia.

Nikaelewa. Hakuna aliyewahi kuona opali ya Ante, lakini kila mtu alikuwa ameliona bamba. Mtu hafungi chuma juu ya kitu cha bure, walisema. Bamba ndilo lililomfanya mtu. Alimweka mkewe gizani ili wanaume wa klabu wadhani ana cha kulinda.

Nikamwambia pale pale, sinia mkononi, "Ante, chini ya lile bamba huna kitu ila mkeo."

"Stamata, ulimi wako utakuja kukuzika."

"Utatangulia wewe, na bamba lako tutakufunika nalo."

Wakacheka. Ante naye akacheka. Ukisema kweli kwenye klabu ya wanaume wanaona umetania.

Haya. Majuzi daktari wa macho alipita na kliniki yake, akamwangalia Vinka. Akamwambia jicho la kushoto limekwisha kufa, na la kulia linakufa; dawa ya kulirudisha hakuna. Kitakachobaki hakijulikani, labda mwaka wa kuona vitu vidogo, labda hata huo haufiki. Nilimrudisha nyumbani mimi. Tulipofika alikwenda sandukuni, akatoa mto, akaufungua mezani, mbele ya Ante aliyekuwa anakunywa kahawa yake.

Lesi ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, lakini nzima. Sindano ilikuwa imechomekwa pale pale, na kutu.

"Ante," Vinka akasema, "nataka tundu lifunguliwe."

"Tundu gani?"

"La juu ya chumba cha tatu. Nataka kumaliza hii, jicho bado lipo."

Ante akaitazama kama mtu anayeoneshwa panya mfu. "Ya nani? Siku hizi nani anataka vitambaa hivi?"

"Si ya mtu. Ya kumaliza."

"Taa ziko ngapi humu ndani? Washa zote, mama, mimi sikukatazi."

Nikashindwa kujizuia. "Wewe umetoboa mlima mzima, Ante, ya nani? Umechimba mpaka mlima umekuwa jibini, na hakuna aliyekuuliza ni ya nani!"

"Haya ni mambo ya nyumba yangu, Stamata. Nikilifungua leo watasema mali imetoka. Panya watajaa hapa."

"Panya waje kula nini? Mbegu za pilipili za Vinka?"

Akainuka akaenda zake. Na kikombe akakiacha, cha kuoshwa.

Tukampigia Joso. Joso ni mtu mzima, ana gari la heshima. Akasema, "Mama, shangazi, msigombane na baba, moyo wake si mzuri. Mimi nitawaletea taa za kisasa, mwanga wake ni kama mchana kabisa." Na akaleta, boksi zima. Tukaziwasha. Chumba kikawa kama chumba cha kupasulia watu. Vinka alikaa chini yake na sindano mpya, akachoma, akakosa, akachoma, akajichoma kidole. Akazima.

"Hazina kivuli," akaniambia. "Jua lina upande. Linakuja kutoka mahali. Hizi zinakuja kutoka kila mahali kama umbea."

Nikamwambia njoo kwangu basi, tundu la Manolis lipo, kaa mchana kutwa. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza Ante alimwita kabla hajatia uzi, eti chumvi haioni. Mara ya pili hakuitwa, lakini aliufunga mto mwenyewe, akasimama.

"Kwani vipi, somo?"

"Kwako pazuri. Lakini jua ninalo, somo. Liko juu ya dari yangu, limefungiwa. Sitaki kuwa mgeni wa jua."

Maneno hayo yaliniingia hapa. Nilitoka bila kuvaa kofia, jua likinipiga utosini, nikaenda moja kwa moja kwa Noelene.

Noelene ni mjane, ameachiwa na mumewe lori la kuchimbia, na analiendesha vizuri kuliko alivyoliendesha marehemu. Mwanamke mkubwa, mikono kama mapaja yangu. Nilimkuta chini ya lori, miguu nje.

"Noelene, unaweza kuzoa kifusi na kukata chuma?"

"Kifusi cha nani?"

"Cha Ante. Lile bamba."

Miguu ikatulia. Kisha akatoka, uso wote grisi, akinitazama. "Bibi, lile bamba? Watu wanasema kuna mali pale."

"Kuna mtu pale."

"Mwenyewe ameruhusu?"

"Mwenyewe ni Vinka. Kila chumba mle ndani Ante alimwambia, 'Vinka, hiki chako.' Wewe ulishasikia dari ya chumba chako ikawa ya mwingine?"

Akacheka mpaka akashika lori. Nikamuuliza atataka malipo gani. Akasema, "Nataka kuiona sura yake, bibi. Inatosha."

Tulichagua siku ya mashindano ya kuvingirisha matufe pale klabu, kwa maana siku hiyo Ante haondoki uwanjani hata nyumba ikiungua. Tulianza asubuhi. Noelene alikokota kifusi na ndoo la lori, vumbi likapanda kama moshi, na hilo ndilo kosa letu kama mnataka kosa. Katika mji huu vumbi juu ya mlima wa mtu ni habari. Alipofika kwenye chuma na kuwasha mashine ya kukatia, cheche zikiruka, watoto walikuwa wameshakimbia klabu kusema bamba la mzee Ante linafunguliwa.

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya ufa nikimpigia Vinka kelele asikae chini yake, vipande vitamwangukia kichwani. Akajibu kutoka chini, sauti ndogo, "Niko mlangoni, somo. Nimeshika kiti."

Mara nikainua kichwa, nikawaona. Mashindano yote yalikuwa yanapanda mlima! Wanaume wazima, wazee wa vitambi, wengine bado na tufe mkononi, wengine wana tochi, mchana kweupe wana tochi! Mmoja alikuja na kamba. Na mbele yao Ante, shati limetoka, anapumua kama mvukuto.

"Acheni! Noelene! Acha! Huu ni wizi!"

"Nimebakiza kona moja, mzee," Noelene akasema, wala hakugeuka.

"Stamata, wewe mchawi, nilijua ni wewe!"

"Ulijua, basi hukushangaa. Sogea, cheche."

Alitaka kumshika Noelene mkono. Wale wenzake ndio waliomzuia, na msidhani ni kwa huruma. Walitaka kuona. Miaka yote waliyomnunulia bia walikuwa wanataka kuona. Kona ikakatika, Noelene akafunga mnyororo, lori likanguruma, na bamba likainuka na kutu yake, likaning'inia hewani kama kifuniko cha sufuria ya jini.

Wote wakajitupa kifudifudi kuzunguka shimo. Vichwa vikajaa ukingoni, kipara kwa kipara, tochi zinawaka.

Mlikuwa na kuta tupu za vumbi. Chini kabisa palikuwa na kiti cha jikoni, na mwanamke mzee wa aproni ya bluu amekaa juu yake, mto mapajani, anatazama juu.

Wakaangalia kushoto kwake. Wakaangalia kulia kwake. Mmoja akasema, taratibu, "Kumbe hakuna kitu."

Na Vinka, mtu wa kumeza, akapaza sauti kutoka shimoni:

"Ondoeni vichwa! Mnanizibia."

Waliviondoa. Sijawahi kuona vichwa vinaondoka haraka hivyo. Jua likaingia lote kwa mkupuo. Walishuka mlima, na hakuna aliyemngoja Ante. Alibaki amekaa juu ya bamba lake, mikono magotini. Noelene alimtazama usoni, kama alivyoahidiwa, halafu akaniambia hakufurahi alivyodhani atafurahi. Mimi nilifurahi kwa niaba yake.

Joso alikuja baada ya hapo. Nilimpigia simu nikamwambia aache taa nyumbani, alete patasi. Vinka alikaa kwenye kiti akawa anamwonesha kwa kidole. Kwao kuta za mawe ni nene na madirisha ni madogo, lakini mawe ya ndani yanachongwa mshazari, mwanga unaingia kwa mlango mwembamba na kutoka kwa mlango mpana, kama mdomo wa tarumbeta. Alitaka hivyo hivyo darini. Joso akachonga, akapanua mdomo wa tundu pande zote, na upande wa kusini zaidi, kwa sababu jua letu la majira ya baridi linapita chini kaskazini na kugonga ukuta ule. Akapaka chokaa mpaka juu, tabaka juu ya tabaka. Kioo kikawekwa juu na ukingo wa saruji wa kuzuia maji. Kazi ilipokwisha chumba kizima kilikuwa cheupe, hata pembeni, hata wakati ambao jua halijafika juu ya tundu.

"Mama, kumbe ilikuwa rahisi hivi?" Joso akasema.

Mimi nilimjibu, na sitarudia hapa, mtoto nilimshika kwenye maji ya ubatizo.

Alifuma. Kila siku ya Mungu, toka jua lilipoingia hadi lilipotoka, Ante akapika viazi vyake mwenyewe, vingine akaunguza. Ile nusu ya zamani imefumwa na macho ya msichana, huwezi kuona mwanzo wala mwisho wa kifundo. Nusu mpya ni ya kikongwe: vifundo vikubwa, duara limepinda kidogo, mahali pamoja kuna uwazi uliokosewa. Joso alimwambia, "Mama, pale pamoja si ungefumua?" Akasema hapana, pakae hivyo, paonekane. Aliimaliza kabla ya baridi kwisha. Akaishika juu, kwenye mwanga, akaitazama upande huu na upande huu. Kisha akachomeka sindano mtoni.

Jicho lilimwacha wakati wa joto lililofuata. Sasa anaona mwanga na giza, watu anawajua kwa sauti. Lesi iko ukutani kwake, chini ya kioo, na yeye anakaa pale pale chini ya tundu, mikono wazi mapajani. Jua likitambaa sakafuni anasogeza kiti kulifuata. Hahitaji kuliona, ngozi inamwambia.

Klabuni Ante haendi tena. Hakuna anayemuuliza kitu. Mchana anatoka vyumba vyake vya nyuma, anasimama mlangoni mwa kile chumba cheupe, anakunja uso.

"Vinka, mwanga huu unaniumiza macho."

"Yafumbe."

Wananiambia, Stamata, mzee wa watu, moyo wake mbovu, hana rafiki, mwacheni naye aote jua. Naenda pale kila mchana na kahawa, ya watu wawili. Nakaa karibu na somo yangu. Na Ante akivuta kile kigoda chake, taratibu, akidhani sioni, kukileta kwenye lile duara la jua sakafuni, mimi naweka mguu.